Kubadili rangi ya praima ya epoksi

Swali: Nimejiundia boti ya plaiwudi nyumbani na nataka kuipaka buluu iliyokoza. Praima yangu ya epoksi ni nyeupe. Naweza kuitia rangi?

Jibu: Unaweza, ila achana na zile chupa za kuchanganyia rangi za ukutani. Nyingi zina glaikoli, na epoksi iliyoingiwa nayo huweza kubaki laini, isishike mbao sawasawa. Tafuta rangi nzito iliyotengenezwa mahususi kwa epoksi, uitie kwenye rezini kabla ya hadina, bila kupita kiwango cha mtengenezaji. Koroga huku ukikwangua pembe za kopo, maana rangi hujificha hapo, hadi michirizi yote ipotee.

Mimi ningepiga mkono wa kwanza mweupe, wa pili ndio niutie buluu kidogo. Ukipaka hivyo utaona waziwazi kila palipokosa rangi, na faida hiyo naithamini kuliko kuokoa rangi ya juu. Usiiache praima juani muda mrefu. Jua huila epoksi ikawa vumbi la chaki. Na sitaha ipake rangi nyepesi, kwa sababu buluu iliyokoza hupata moto mno.