Dawa ya Vumbi ni Vumbi

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Mimi nasema dawa ya vumbi ni vumbi. Msinicheke, ngojeni niwaeleze.

Mjomba wangu ana kisiagi cha mahindi sokoni. Jioni moja nilimkuta mteja akivuta sigara mlangoni, na ndani unga umetanda hewani kama ukungu. Nikamwambia mjomba kwamba unga huo waweza kulipuka. Akaangua kicheko. "Unga wa ugali? Wacha mzaha, mpwa wangu!"

Lakini mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha vyema. Gogo huungua polepole. Lisage liwe vumbi jepesi, lirushe hewani, na kila chembe itazungukwa na oksijeni. Hapo cheche moja tu yatosha kuziwasha zote kwa mpigo. Hivyo ndivyo vumbi la makaa ya mawe lilivyoeneza mlipuko uliowaua watu 1,099 katika migodi ya Courrières, Ufaransa, tarehe 10 Machi 1906.

Sasa dawa yenyewe. Baada ya mlipuko wa mgodi wa Altofts, Uingereza, mwaka wa 1886, mhandisi William Garforth aligundua kwamba moto ulizimika pale palipokuwa na vumbi la mawe. Ndiyo sababu njia za migodi ya makaa hunyunyiziwa unga wa mawe ya chokaa. Mlipuko ukianza, upepo wake huinua mavumbi yote mawili pamoja. Unga wa mawe hauungui. Hunyonya joto na kujipenyeza kati ya chembe za makaa, moto ukakosa pa kurukia. Sheria ya Marekani yataka angalau asilimia 80 ya mchanganyiko huo iwe ni kitu kisichoungua.

Je, nimwambie mjomba atie mawe katika unga wa watu? Thubutu! Nani atakula ugali huo? Penye chakula, dawa ni ufagio. Zima mtambo, fagia boriti na kuta taratibu bila kutimua vumbi, tena fanya hivyo kila siku. Moto usikaribie kabisa.

Mjomba bado ananicheka. Hata hivyo, kile kibao nilichomwandikia, "USIVUTE SIGARA HAPA", amekipigilia misumari mlangoni yeye mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwaherini!