Unapopanda Meli kwa Mara ya Kwanza: Somo kwa Wasafiri wa Ziwani



Tumezoea kuandika katika kurasa hizi juu ya usalama mbele ya mashine, katika mashamba ya miwa na katika viwanda vya chai. Mara hii tunatoka nchi kavu. Sababu ni kwamba wengi wetu tunaofanya kazi Kampala, Lugazi au Kakira tulizaliwa mbali na maji, na bado tunajikuta siku moja tumesimama gatini na tikiti mkononi. Tangu mashamba ya michikichi yaanzishwe katika kisiwa cha Bugala, wilaya ya Kalangala, watu wengi wa bara wamevuka kwenda kutafuta kazi huko. Wengine huvuka kwenda kuzika ndugu. Na yapo matawi ambayo mwisho wa mwaka huchanga fedha na kukodi boti ya starehe kutoka miali ya Ggaba au Munyonyo, ili wanachama na jamaa zao wapumzike siku moja. Wote hao wanakanyaga chombo wasichokijua.

Wazee watakumbuka kwamba kabla ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, meli za abiria zilikuwa zikilizunguka ziwa hili, zikipita Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell yetu hapa Luzira. Iliyojulikana zaidi ni Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961. Baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ilibaki upande wa Tanzania, na mwaka 2020, baada ya kutengenezwa upya, ilirudi majini kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Safari ya meli, basi, si jambo geni Kampala. Kilichopotea ni mazoea, na palipo na upungufu wa mazoea hapana budi pawe na mafunzo.

Mfanyakazi wa kiwandani ana faida moja. Meli ni kiwanda kinachoelea: ina mitambo, ina msimamizi ambaye ni nahodha, ina kanuni zilizobandikwa ukutani, ina milango ya dharura, na ina mwenye mali anayetaka faida. Maswali yale yale unayomwuliza msimamizi wa zamu kabla ya kuwasha mashine, yafaa umwulize mwenye chombo kabla ya kulipa nauli.

Swali la kwanza ni hili: chombo hiki kimeruhusiwa kuchukua watu wangapi? Idadi hiyo haitakiwi kuwa siri. Huandikwa katika cheti cha ukaguzi, na mara nyingi hubandikwa mahali pa kuonekana. Mwenye boti akikujibu kwamba inategemea siku, mwache aende na siku yake. Hapa hatuzungumzi nadharia. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe iliyoitwa Templar ilizama karibu na Mutima, wilaya ya Mukono, ikiwa imejaa vijana wa Kampala waliokwenda kustarehe jioni ile. Zaidi ya watu 30 walikufa, na ufuko haukuwa mbali. Serikali ilieleza baadaye kwamba boti ile haikuwa imesajiliwa na ilikuwa imepakia kupita kiasi. Wavuvi waliokimbilia kuokoa nao walipata shida, maana watu waliohamaki waling'ang'ania mitumbwi yao midogo.

Chombo kikubwa hubeba alama ubavuni inayokusaidia kujua mwenyewe kama kimeelemewa. Ni duara lililokatwa katikati na mstari. Maji yakiufunika mstari ule chombo kimezidiwa na shehena, hata kama karani anasema bado nafasi ipo. Historia ya alama hii inatuhusu sisi wa vyama vya wafanyakazi. Katika karne ya 19 huko Uingereza, wenye meli wengine walizijaza meli mbovu shehena, wakazikatia bima kubwa, na zikizama walilipwa. Mabaharia ndio waliokufa. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, aliipigania sheria ya kuzuia jambo hilo, na vyama vya wafanyakazi vikamwunga mkono. Sheria ilipita mwaka 1876, ikalazimisha kila meli ichorwe mstari. Lakini iliacha mwanya wa ajabu: mwenye meli mwenyewe ndiye aliyechagua mahali pa kuuchora! Ilichukua mpaka mwaka 1890 mahali pa mstari pakawekwa na sheria. Wenzetu wanaodhani kazi imekwisha siku sheria inapopitishwa wautafakari mwaka huo 1890.

Jambo la pili ni jina lako. Hakikisha limeandikwa katika orodha ya abiria, pamoja na majina ya watoto wako. Msafiri wa mara ya kwanza huona ni usumbufu wa makarani, tena huona vyema nauli ya mtoto ikipunguzwa kwa kutomwandikisha. Meli ya Bukoba ilipozama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa imeruhusiwa kuchukua abiria 430. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, na ndio waliokuwa wengi. Hesabu ya waliokufa inatajwa kuwa zaidi ya 800, wengine husema karibu 1,000, na mpaka leo hapana anayeweza kuitaja kwa hakika. Fikiri maana yake kwa mjane wa mtu wa daraja la tatu: atathibitisha vipi kwamba mumewe alikuwamo?

Ukishaingia, usikimbilie kwanza kiti cha dirishani. Tembea. Tafuta njia mbili za kutoka mpaka sitahani penye hewa, si moja, na uhesabu ngazi na milango kwa kugusa, maana taa huzimika mapema. Tazama jaketi za kuokolea maisha zimewekwa wapi. Zikiwa ndani ya sanduku lenye kufuli, mwambie baharia mbele ya watu wengine, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba mnaomba lifunguliwe. Abiria kumi wakiuliza pamoja, kufuli hufunguka upesi kuliko akiuliza mmoja. Hili ninyi mnalijua kuliko sisi.

Katika boti ndogo jaketi huvaliwa tangu gatini mpaka mnashuka. Wapo wanaokataa kwa sababu ya joto, au kwa sababu linakunja nguo mpya, au kwa sababu linanuka. Ni kweli mengine yananuka. Vaa hivyo hivyo, funga kamba zote, na uvute mabega ya jaketi juu; yakifika masikioni, limelegea na litakuvuka ukiingia majini. Mtoto anahitaji jaketi la kimo chake, kwani la mtu mzima litamponyoka. Katika meli kubwa, ambamo watu hukaa vyumbani, liweke karibu nawe na ujue kulivaa gizani. Chombo kikianza kulala upande, toka nje upesi: jaketi linaelea, na mtu aliyenaswa ndani ya chumba kinachojaa maji hubanwa nalo kwenye dari.

Pasipo jaketi, usidharau dumu. Mwili wa mtu majini hauna uzito mwingi. Kinachohitajika kukiweka kichwa juu ya maji ni nguvu ya kilo 5 hivi. Dumu tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko barabara, linatoa mara kadhaa ya nguvu hiyo. Wavuvi wa ziwa hili wanalijua jambo hilo, na watu wameokoka kwa dumu la mafuta ya kula.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo abiria wageni ndio hulikosea zaidi, nalo ni uzito wao wenyewe. Chombo husimama wima kwa sababu uzito wake mkubwa umewekwa chini na katikati. Watu wakipanda juu darini ili kupata upepo, uzito nao hupanda. Wakikimbilia ubavu mmoja, chombo huinama ubavu huo. Watu 100 wa kilo 60 kila mmoja ni tani 6. Hebu fikiri tani 6 za miwa zikihamishwa kwa ghafula kutoka upande mmoja wa trela kwenda mwingine, trela likiwa linatembea. Kivuko cha Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua watu 101, lakini waliokufa peke yao walikuwa 228. Ilikuwa siku ya soko, watu wakirudi na mizigo. Nacho hakikuzama katikati ya ziwa wala katika dhoruba. Kilipinduka kikikaribia gati, wasafiri waliposogea ili wawahi kushuka. Basi mkikaribia kufika, kaeni. Gati haliondoki.

Juu ya hali ya hewa tutasema machache. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, na lina hali ya hewa yake mwenyewe. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, na ngurumo kali juu ya maji huja zaidi usiku na alfajiri. Anga safi ya Kampala saa kumi na mbili jioni haikwambii kitu juu ya saa tisa usiku katikati ya ziwa. Nahodha akiahirisha safari kwa ajili ya upepo, msimtukane wala msimchangie fedha ili aondoke. Chukua sweta, kwa sababu usiku ziwani ni baridi, na mfuko wa plastiki wa kufungia simu na kitambulisho.

Kichefuchefu si aibu, kimewapata hata mabaharia wa zamani. Kaa katikati ya chombo na chini, pasipoyumba sana, utazame mbali mahali mbingu na maji zinapokutana. Kula kidogo kabla ya safari, chapati kavu au ndizi, usile vya mafuta mengi, na tafuna tangawizi. Pombe uiache nchi kavu mpaka urudi. Tunajua kwamba boti za starehe huuza pombe na kupiga muziki. Tunasema tu kwamba mlevi hasikii king'ora.

Na king'ora chenyewe kina lugha. Katika meli kubwa, milio saba mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu ni mwito wa hatari: kila mtu avae jaketi aende mahali pa kukusanyikia alipoonyeshwa. Meli ya utalii ya Costa Concordia ilipogonga mwamba huko Italia tarehe 13 Januari 2012, abiria mamia kadhaa waliopanda siku ile walikuwa hawajafanya zoezi lolote. Walikufa watu 32. Ndipo kanuni za kimataifa zikabadilishwa, na tangu mwaka 2015 zoezi hilo hufanywa kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapong'oa. Hakuna sababu boti ya watu 50 ya hapa Ggaba isifanye maelezo ya dakika tano kwa lugha abiria wanayoielewa. Ukiwa katika chombo cha Tanzania maelezo yatakuwa kwa Kiswahili, kwa hiyo jifunze maneno haya: omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, sitaha ni sakafu ya juu, na ukisikia "maboya" huo ndio wito wa kuchukua vyombo vya kuokolea.

Kwa matawi yanayotaka kukodi boti, tungependa jambo moja liwe desturi. Kabla malipo hayajatolewa, kamati iteue watu wawili waende mwaloni mchana, waombe kuona leseni na cheti cha ukaguzi, wahesabu jaketi moja moja kwa mikono yao, na warudi na maandishi. Sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021 ipo. Mweka hazina asitoe shilingi mpaka maandishi hayo yasomwe kikaoni. Na siku ya safari mmoja asimame gatini na orodha. Idadi ikitimia, hata mwenyekiti aliyechelewa abaki.

Maswali ya kujadiliwa katika tawi

1. Boti imeruhusiwa watu 50. Wanachama 46 wamelipa, na kila mmoja wa nane kati yao anakuja na mtoto mmoja asiyelipiwa. Je, boti imezidiwa? Nani atabaki, na ataamuliwa vipi?

2. Baharia ameona maji yameufunika mstari, lakini mwenye chombo anamwamuru aondoke. Analindwa na nani akikataa? Linganisha na fundi anayekataa kuendesha mashine isiyo na kinga.

3. Kwa nini daraja la tatu la meli ya Bukoba halikuwa na orodha? Ni wapi katika kiwanda au shamba lenu ambapo wapo watu wanaofanya kazi bila majina yao kuandikwa?