SOMO: HESABU WANUNUZI KABLA YA KUTAJA BEI

Leo tunajifunza juu ya soko.

Kwenye mikutano tunasikia sana: "Dalali huyu ni mbaya, yule ni mzuri." Lakini mtu yule yule hubadilika akibadilishiwa soko. Kwa hiyo tusihukumu mtu, tutazame soko lenyewe. Lina sura tatu.

1. Soko la wengi. Kina mama wanaouza maziwa wakiwa wengi, hakuna anayeweza kupanga bei peke yake. Akiongeza shilingi kumi, mteja anahamia kwa mwenzake. Basi wanashindana kwa usafi na kipimo kizuri.

2. Soko la mmoja, yaani ukiritimba. Ni kiangazi, maji yamekauka na boza ni moja tu. Mwenye boza ana haja gani ya kupunguza bei? Mteja hana pa kwenda.

3. Soko la wachache. Hawa hutazamana. Mmoja akishusha bei, wengine hulazimika kumfuata. Lakini pia wanaweza kupatana kimya kimya wasishindane.

Tuchukue mfano wa simu. Kuanzia mwaka 2000 Kenya ilikuwa na kampuni mbili za simu za mkononi, Safaricom na Kencell. Mwaka 2008 zikaingia Econet na Orange, zikawa nne. Mwaka 2010 serikali ikapunguza ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine ili kupitisha simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Mwezi wa Agosti, Zain (ile Kencell ya zamani, ambayo sasa ni Airtel) ikashusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika. Safaricom nayo ikashusha. Je, wenye kampuni walipata huruma ghafla? Hapana. Soko lilibadilika, na tabia ikafuata.

Sasa turudi kwa mbuzi wetu. Sisi wauzaji ni wengi, wanunuzi wenye lori ni wachache. Kiangazi kikikaza, wote tunaleta mifugo siku moja. Mbuzi amekonda, karo inadaiwa, na mnunuzi anajua kabisa hutarudi nyumbani na mbuzi wako.

Kwa nini wanunuzi ni wachache? Hakuna aliyewakataza wengine. Mlango wa kuingia ndio mwembamba: unahitaji pesa za kukodi lori, mbuzi wa kulijaza, na mtu mwaminifu kule mjini. Mtu mmoja mwenye mbuzi watano hawezi. Kikundi kinaweza kujaribu hivi:

(a) Kabla ya siku ya soko, pigeni simu Moyale, Wajir na Kiamaiko kule Nairobi, muulize bei.

(b) Uzeni sehemu ya mifugo mapema, ikiwa bado na nyama.

(c) Kusanyeni mbuzi mpaka lori lijae, mjaribu safari moja. Andikeni kila gharama: lori, chakula cha mchungaji, ushuru, na mbuzi waliokufa njiani. Hasara inawezekana, kwa hiyo msipeleke mali yote.

Hata msiposafiri tena, mnunuzi atajua kwamba mna mlango mwingine. Hapo hata maneno yake yatabadilika.

Mjue pia kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inawakataza wafanyabiashara wanaopaswa kushindana kupatana bei. Malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Siku ya soko, wanunuzi wa mbuzi ni wangapi? Je, bei zao hutofautiana?

2. Ni bidhaa gani hapa kwetu inauzwa na mtu mmoja tu? Ni nini kinachowazuia wengine wasiiuze?

3. Kikundi chetu kinaweza kuupanua mlango upi mwaka huu?

Kidole kimoja hakivunji chawa.