Elimu ya Afya Kijijini: Waache Washike Wenyewe

Ukitumwa kufundisha afya kijijini, fuata ratiba yao. Msimu wa palizi usiite mkutano wa asubuhi, watu wako shamba. Akina mama wakute siku ya VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa; wanaume wafuate mnadani au kwenye bao. Omba nusu saa, na ikiisha, nyamaza.

Kaa nao mkekani, kisha uliza kabla ya kueleza: "Mtoto akiharisha, hapa kwenu mnafanyaje?" Utasikia uji mwepesi na maji ya mchele, na pengine atakuwepo bibi anayemnyima mtoto maji akiamini tumbo litafunga. Usimkosoe bibi huyo mbele ya wakwe zake. Sifu kwanza linalofaa, halafu ongeza jipya juu yake.

Sasa toa pakiti ya ORS, chumvi ya kumrudishia maji mtoto anayeharisha, na hapa usiwe na haraka. Pakiti ya lita moja inataka lita moja kamili, ila jikoni vipimo ni jagi, kopo na sufuria. Basi mama mmoja alete jagi lake. Apime maji safi kwa chupa ya lita moja, ayamimine, akwaruze alama kwa msumari pale yalipofika. Amwage pakiti yote, akoroge, na wote waonje, ili siku maji yakipungua ulimi uitambue chumvi iliyozidi. Mchanganyiko ukifikisha saa 24, umwagwe. Vidonge vya zinki anavyopewa mtoto pamoja na ORS viendelee siku 10, hata kuharisha kukikoma mapema.

Usiulize "Mmeelewa?" Mtu mzima ataitikia ndiyo kwa adabu tu. Mwombe aliyekoroga amweleze jirani aliyechelewa, nawe sikiliza anachokiruka.

Njia hii ya kuwaacha watu wajifunze wenyewe Tanzania inaifahamu tangu zamani. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi: walisikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya. Vyoo vilichimbwa kwa wingi. Mpaka leo sijaona bango lililofanya kazi ya kikundi kilichojiamulia.

Kikao kikiisha, usikimbilie bodaboda. Mwenye swali la uzazi wa mpango, au la kikohozi kisichopona, haulizi mbele za watu. Atakusindikiza kidogo njiani. Tembea naye polepole, na uwe unajua siku gani zahanati inahudumia tatizo lake na amwone nani akifika.