Mipira ya Kurudishia Mafuta katika Lori la Dizeli

Katika vijiji vilivyo kando ya mlima Meru, lori moja kuukuu ni mtumishi wa watu wengi. Hupeleka ndizi na mboga katika soko la Tengeru, huchukua kahawa ya wakulima, huleta saruji na mabati ya darasa jipya, na pengine usiku humpeleka mgonjwa hospitali. Lori hilo likisimama, hasara si ya mwenyewe peke yake. Kwa hiyo twaona yafaa kuandika leo juu ya kitu kidogo sana kilichomo ndani yake, ambacho wengi hawakitazami mpaka kimekwisha haribika: nayo ni ile mipira myembamba irudishayo mafuta kutoka katika nozeli, ambayo mafundi huiita mipira ya ritani.

Kwanza yatupasa kujua kazi yake. Pampu ya dizeli husukuma mafuta kwa nguvu kubwa sana, mara mia na zaidi ya nguvu ya hewa ituzungukayo, yapite katika mabomba ya chuma mpaka kwenye nozeli, na nozeli huyapuliza ndani ya silinda kama mvuke. Lakini si mafuta yote yaendayo kuungua. Machache hupenya kando ya sindano iliyo ndani ya nozeli, nayo huilainisha isikwaruzike. Mafuta hayo hayana pa kukaa. Hupanda juu, na mipira ya ritani huyakusanya kutoka nozeli moja hata nyingine, kisha huyarudisha kwenye filta au kwenye tangi. Basi nguvu iliyomo katika mipira hii ni ndogo, wala haihitaji kuwa minene kama mipira ya breki. Adui zake ni wengine: ni dizeli yenyewe, joto la injini, mtikisiko wa njia mbovu, na miaka.

Mpira uliozeeka huonyesha dalili zake mapema. Hupasuka nyufa ndogo mahali unapopindwa. Ukiubonyeza huwa mgumu kama pembe, au huwa laini na kunata. Juu ya injini huonekana unyevu, na katika miezi ya kiangazi vumbi la nchi yetu hushikamana na unyevu ule likawa tope jeusi. Harufu ya dizeli huingia ndani alimokaa dereva. Tena katika injini nyingine hewa huingia kwa ufa wa mpira wakati lori limelala, mafuta yakarudi tangini, na asubuhi lori hukataa kuwaka, hasa likiwa limeegeshwa mlimani. Mwenyewe hudhani ni betri, akanunua betri mpya, kumbe ugonjwa ni mpira wa shilingi chache.

Na tufikiri habari ya mtu mmoja mwenye lori la zamani. Aliona mpira wa ritani unatoka matone, akachukua ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu, akauzungusha na kuufunga kwa waya. Siku ile matone yalikoma, naye akafurahi. Baada ya majuma machache ukanda ule ulivimba, ukalegea na kunata. Siku ya soko, lori limejaa ndizi na watu wawili wamekaa juu, likiwa linapanda kilima, mpira ulichomoka na dizeli ikaanza kumwagikia bomba la moshi lililokuwa la moto sana. Dizeli haiwaki upesi kama petroli, ni kweli. Lakini ikimwagika juu ya chuma cha moto namna ile yaweza kuwaka, na moto ukishaanza katika injini hauzimiki kwa ndoo moja ya mchanga. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Kosa la mtu yule halikuwa uvivu. Alitumia mpira, akidhani kwamba mpira ni mpira. Hilo ndilo jambo tunalotaka wasomaji wetu walishike: mpira usiofaa, siku ya kwanza, hufanana kabisa na mpira ufaao. Macho hayawezi kuamua, wala bei haiwezi. Mpira wa asili, utokao katika utomvu wa mti, ndio uliomo kwa wingi katika matairi ya malori. Ni hodari kwa barabara, lakini dizeli huufanya uvimbe na kuoza. Mpira wa ndani wa gurudumu, ambao siku hizi aghalabu ni wa namna iitwayo butili, nao hauwezi dizeli. Kadhalika mipira mingi ya rejeta hutengenezwa kwa kitu kiitwacho EPDM, ambacho huvumilia maji ya moto miaka mingi lakini huharibiwa na mafuta. Mpira wa silikoni huvumilia joto, lakini dizeli huuvimbisha na kupenya katika kuta zake. Na ile mipira ya plastiki myeupe ionyeshayo mafuta ndani, watu huipenda kwa kuwa ni rahisi. Ikikaa karibu na injini hulainika kwa joto, kisha hukauka na kukatika.

Ufaao ni mpira uliofanywa kwa ajili ya mafuta. Wa kawaida ni ule uitwao nitrili, nao huvumilia dizeli vizuri. Walio na uwezo zaidi hununua ule uitwao vitoni, ambao huvumilia joto kubwa zaidi na hudumu zaidi. Katika injini nyingi za Kijerumani za zamani mpira wa ritani huwa umevikwa nyuzi za pamba zilizosukwa kwa nje. Nyuzi hizo hulinda mpira, lakini pia huficha nyufa. Basi usiutazame tu, bali upinde kwa vidole. Unaponunua katika maduka ya vipuri mjini Arusha, soma maandishi yaliyopigwa juu ya mpira. Mpira mwema huandikwa kwamba ni wa mafuta au wa dizeli, pamoja na alama ya kipimo cha kazi yake, kama SAE J30 au DIN 73379. Usio na maandishi yo yote usinunue kwa neno la mwuzaji peke yake.

Jambo la pili ni kipimo cha tundu. Usipime tundu la mpira wa zamani, maana limekwisha panuka. Pima unene wa chuchu ya nozeli ambayo mpira huvikwa, kisha chagua mpira ambao tundu lake ni dogo kidogo kuliko unene huo, upate kushika wenyewe. Injini nyingi za Kijerumani hutumia tundu la milimita 3.2 hivi, nyingine huhitaji pana zaidi. Mpira mpana ukibanwa sana kwa waya utakatwa na waya ule ule. Tena ziko injini ambazo ritani yake ni bomba la chuma lenye washa za shaba, na mpira ni kipande kimoja tu mwishoni. Huko, kabla ya kulaumu mpira, tazama washa.

Jambo la tatu lahusu mafuta ya siku hizi. Tangu mwaka 1 Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubali dizeli yenye kiberiti kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni, ili hewa iwe safi. Ni jambo jema. Lakini huko Marekani, dizeli ya kiberiti kidogo ilipoanza mwaka 1993, pampu za injini za zamani zilionekana kuvuja, kwa kuwa vizibo vyake vya mpira vilivyokuwa vimezoea mafuta ya kwanza vilisinyaa. Basi mwenye lori ambalo mipira yake ni ya miaka mingi asingoje ipasuke. Aibadili yote pamoja; maana ilizaliwa siku moja, nayo hufa kwa kufuatana.

Kuivika si kazi ngumu, lakini yataka subira. Ngoja injini ipoe. Futa vumbi lote kwanza, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikiingia katika mafuta yaweza kuharibu kitu cha bei kubwa. Mpira wa zamani usiuvute kwa nguvu, chuchu itavunjika. Upasue kwa kisu kwa urefu, pole pole, bila kukwaruza chuma. Kata mpira mpya uzidi kidogo, ili usivutike injini inapotikisika, wala usikunjike mahali popote. Chovya ncha katika dizeli safi, uusukume mpaka mwisho. Uwe mbali na bomba la moshi. Nozeli ya mwisho, ikiwa ina kizibo, kirudishe au utie kipya. Lakini usizibe njia ya kurudi ili kukomesha matone: mafuta yatakosa pa kwenda, nozeli zitafanya kazi vibaya, na mpira utachomoka. Wala usitie mpira mahali pa bomba la chuma litokalo katika pampu, na mabomba hayo yakivuja usiyapapase kwa mkono injini inapokwenda, maana mafuta ya nguvu ile hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Mwisho toa hewa, washa injini, upitishe karatasi kavu chini ya kila kiungo. Karatasi ikibaki kavu, kazi imekwisha.

Kwa walimu tungependa kuongeza somo moja lisilo na gharama. Chukueni vipande viwili vya mpira mmoja, vyenye urefu sawasawa. Kimoja kiwekeni katika chupa yenye dizeli, mfunike, mkiweke mbali na moto. Cha pili kikae kikavu. Fanyeni hivyo kwa mpira wa gurudumu na kwa mpira wa mafuta. Baada ya siku saba, wanafunzi wapime kwa rula na kuandika walichoona. Mmoja utakuwa umevimba na kulegea. Wa pili utakuwa karibu kama ulivyokuwa. Mwenye lori naye aweza kufanya vivyo hivyo kwa kipande alichonunua, kabla ya kukiamini juu ya injini.

Na wakubwa wa vijiji, ambao chini ya ulinzi wao kuna lori la chama au la shule, twawaomba waulize swali moja tu kabla ya safari ya mvua au ya mavuno: mipira ya ritani ilibadilishwa lini? Dereva akikosa jibu, afungue boneti, nao watazame pamoja naye.