SOMO: GARI LA BABA LILILOLALA NYUMA YA GHALA



Hapa Matisi, na hata ukishuka mpaka Bungoma, ziko boma nyingi zenye gari la zamani lililolala. Kuku wametaga ndani, nyasi zimepita dirishani. Sisi pia tulikuwa nalo: Peugeot 404 pikapu ya marehemu baba. Katika somo hili tunaeleza vile tulilifufua kama nyumba moja, na vile tulishindwa mara ya kwanza. Someni pamoja, halafu mjibu maswali ya mwisho.

KWA NINI WAZEE WALILIPENDA

Gari la 404 lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka wa 1960. Mwaka wa 1963, katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliondoka magari 84. Kwa sababu ya mvua na matope yalifika 7 tu, na la kwanza lilikuwa 404. Likashinda tena 1966, 1967 na 1968. Basi mzee akiuza mahindi yake vizuri, alijua ni gari gani la kutafuta. La baba lilibeba mahindi, mbolea, wagonjwa, hata maiti za majirani. Ndiyo sababu mama hakutaka kusikia habari ya wanunuzi wa vyuma wanaopima kwa kilo.

MARA YA KWANZA TULISHINDWA

Baba alipofariki tulianza kwa haraka. Ndugu yetu wa Nairobi alituma pesa, wa nyumbani akaita fundi. Hakuna aliyeandika kitu. Fundi alifungua injini yote siku moja, akamwaga vipande kwenye karai, akaondoka na kabureta ati anaenda kuisafisha. Iliporudi haikuwa ile. Wa Nairobi akasema pesa zake zimeliwa. Wa nyumbani akasema anaitwa mwizi kwao. Krismasi mbili zikapita hawasalimiani.

Mama ndiye aliyetuita. Alisema, "Mimi sililii gari. Nawalilia nyinyi." Tukanyamaza wote. Siku hiyo tulianza upya.

MARA YA PILI: MAMBO MATANO

1. Mali ni ya nani? Logibuku ilikuwa bado na jina la baba. Gari la marehemu ni sehemu ya urithi wake. Mtu mmoja, hata kama ni kifungua mimba, hawezi kuliuza au kuliandikisha kwa jina lake kabla mahakama haijatoa hati ya kusimamia mali. Safari hiyo huanza na barua ya chifu. Tulikubaliana, mama akiwepo na dada zetu walioolewa wakiwepo, kwamba gari ni la nyumba yote.

2. Daftari moja. Kila shilingi na kila kipande kiliandikwa. Mwandishi alikuwa msichana wetu wa shule, kwa maana hakuwa upande wa mtu. Aliyetoa jasho aliandikwa pamoja na aliyetoa pesa: siku moja ya kazi tuliihesabu sawa na kibarua cha siku moja shambani. Hapo ndipo ndugu wa nyumbani alipoinua kichwa.

3. Kagua kabla ya kununua spea. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma. Kama kutu imeila chesisi sana, afadhali mwache mapema. Kama injini haijafunguliwa, toa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, ngoja siku mbili tatu, halafu izungushe polepole kwa mkono, si kwa betri. Yetu ilikuwa imefunguliwa tayari, kwa hivyo tulianza kwa kuhesabu vilivyopotea. Tangu hapo kila kipande kiliwekwa kwenye kopo lake lenye jina, na fundi alifanyia kazi bomani, machoni petu, akilipwa hatua kwa hatua.

4. Breki kabla ya injini. Kila mtu anataka kusikia injini ikinguruma, lakini gari linalokwenda bila kusimama ni jeneza. Badilisha mipira na paipu za breki zote. Vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asibestosi, ambayo huharibu mapafu: usilipulize, lilowanishe kwa maji kisha ulifute. Tena mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo imara. Petroli iwe mbali na jiko na watoto.

5. Petroli na karatasi. Petroli yenye risasi ilikwisha kuuzwa Kenya mwishoni mwa 2005. Kwa injini nyingine za zamani, viti vya vavu huliwa polepole bila hiyo risasi, kwa hivyo fundi avitazame kichwa cha injini kikiwa wazi. Na gari lisiguse barabara bila bima. Hata hivyo, bima ya gari la nyumbani haitoshi kubebea watu kwa malipo.

JE, ILIFAA?

Kazi ilichukua miezi 19. Kijana wetu mmoja alisema kwa pesa hizo tungenunua pikipiki na chenji ibaki. Kwa hesabu hakukosea. Lakini pikipiki haibebi magunia ya mavuno, na tusingeijenga sisi wenyewe. Siku lilipowaka, wa Nairobi alimpa wa nyumbani funguo, akasema, "Endesha wewe, ndiwe unalijua." Mama aliketi katikati yao mpaka Kitale na kurudi.

Wanavikundi, hata mashine ya posho, trekta au jembe la ng'ombe la kikundi hufa namna hiyo hiyo. Mara nyingi daftari ndilo hukosekana kwanza, kutu huja baadaye.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni mali gani ya pamoja imelala katika kikundi chetu? Ililala kwa sababu gani hasa?
2. Je, jasho la mwanakikundi tunaliandika, ama pesa peke yake?
3. Nani anashika daftari, na nani anaruhusiwa kulisoma?
4. Ni wakati gani ingefaa kuuza badala ya kutengeneza?