Tairi la Dragi na Barabara ya Makambako–Njombe

Vijana wanaopenda magari wakikutana, iwe kantini au kwenye kundi la WhatsApp, swali ni lile lile: tairi gani linashika zaidi? Mwenye Altezza ana jibu lake, mwenye Subaru ana la kwake, na siku hizi kuna jibu la tatu linalotoka kwenye video za mbio za Marekani na nchi za Ghuba: funga tairi la dragi, gari litaruka kama limepigwa teke.

Somo hili linalichukua jibu hilo kwa uzito, halafu linalipima kwenye barabara ambayo wengi wetu tunaipita tukienda likizo: kilomita 60 hivi kutoka Makambako mpaka Njombe. Hoja ni moja tu. Kila tairi linashika mahali fulani, kwenye joto fulani na hali fulani ya lami, kwingine linakuacha. Kwa hiyo anayenunua tairi anaamua pia ni wapi yuko tayari kuachwa.

Tairi la dragi likoje

Dragi ni mbio za mstari mnyoofu, kwa kawaida robo maili, yaani mita 402. Mshindi mara nyingi huamuliwa na sekunde chache za mwanzo, pale nguvu ya injini inapotaka kuzungusha tairi bure na gari limesimama. Ndiyo maana yakatengenezwa matairi ya rediali ya aina hii. Kwa nje yanafanana na ya kawaida, na mengi yana alama ya DOT inayoyaruhusu kutembea barabarani huko Marekani. Lakini mpira wake ni laini sana, ubavu wake hujikunja ili sehemu kubwa ya tairi ilale chini, na mifereji yake ni michache na mifupi.

Halafu kuna maandalizi ambayo video fupi haziyaelezi. Dereva anapunguza upepo, pengine mpaka psi 18. Kabla ya kuondoka anachoma tairi papo hapo mpaka litoe moshi, ili mpira upate joto. Na lami ya viwanja maalumu vya mbio hizo hunyunyiziwa gundi ili mpira unate. Kwa hiyo mshiko ule unaouona unatokana na vitu vinne kwa pamoja: mpira laini, joto, upepo mdogo na lami yenye gundi. Ukilifunga tairi hilo na kuja nalo Makambako, umebaki na kimoja tu.

Fizikia kidogo

Sekondari tulifundishwa kwamba msuguano ni zao la kizio cha msuguano na uzito unaokandamiza, na kwamba ukubwa wa eneo la mgusano hauna maana. Kwa mpira, kanuni hiyo haitoshi. Mpira huzama kwenye vishimo vidogo kati ya kokoto za lami. Tairi likitaka kuteleza, mpira unabonyea, kisha unarudi kwenye umbo lake kwa kuchelewa kidogo. Katika kuchelewa huko nishati inapotea kama joto, na upotevu huo ni sehemu kubwa ya kile tunachokiita mshiko. Sehemu nyingine ni ule unataji wa mpira wenyewe kwenye uso wa lami.

Yote mawili yanategemea joto. Mpira ukipoa sana unakuwa mgumu, hauzami tena kwenye vishimo. Watengenezaji wa matairi hutaja nyuzi 7 za Selsiasi kama mpaka: chini ya hapo, matairi yaliyoundwa kwa hali ya joto huanza kupoteza mshiko waziwazi. Sasa fikiria Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai baridi yake haihitaji maelezo kwa aliyewahi kuamka saa kumi na moja kuwahi gari. Tairi la dragi lililolala nje usiku kucha linaanza safari likiwa limepoa kabisa, na hakuna mtu atakayekuruhusu kuchoma tairi stendi ili lipate joto.

Mvua na hesabu ya mzizi

Adui mkubwa zaidi ni maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa NASA waliokuwa wakichunguza matairi ya ndege walipata kanuni rahisi inayokadiria kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji badala ya kugusa lami. Kwa vipimo vyetu: kasi kwa kilomita kwa saa ni takriban 16.7 mara mzizi wa pili wa upepo kwa psi.

Tuweke namba. Tairi lenye psi 32 linafikia hatari hiyo kwenye kilomita 94 kwa saa hivi. Ukishusha mpaka psi 18 kama wanavyofanya kwenye dragi, inakuwa kilomita 71. Hii ni makadirio kwa maji yaliyosimama na mifereji isiyoweza kuyatoa. Tairi lenye mifereji mirefu linajitetea zaidi. Lakini tairi la dragi halina mifereji hiyo. Yaani ule ujanja unaokupa ushindi kwenye mita 402 ndio unaokuelekeza kwenye mtaro wakati wa masika, kwenye kasi ambayo dereva wa gari dogo hata haiiti kasi.

Na barabara yetu ina mambo yake. Makambako ni njia panda: barabara ya Njombe na Songea inakutana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya na Zambia. Malori yanasimama, yanaondoka, yanadondosha dizeli na oili. Ukielekea Njombe unakutana na malori ya mbao yanayotoka kwenye njia za udongo mwekundu na kuacha tope juu ya lami. Matone ya kwanza ya mvua yakichanganyika na vitu hivyo, utelezi wake unazidi ule wa mvua iliyonyesha saa nzima. Ongeza ukungu.

Tupime breki. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, kizio cha msuguano kikiwa 0.8 kwenye lami kavu, linahitaji mita 31 hivi kusimama baada ya kukanyaga breki. Kizio kikishuka hadi 0.4 kwa sababu ya maji na tairi lililoisha, zinakuwa mita 63. Ongeza mita 22 zinazopita katika sekunde moja dereva anapoona na kuamua. Mita 53 dhidi ya 85: tofauti ni ndefu kuliko lori lenye tela.

Upepo wa Dar na upepo wa Njombe

Wengi huuliza kama upepo uliojazwa Dar es Salaam ubadilishwe ukifika nyanda za juu. Hewa ya Njombe ni nyepesi, hivyo geji ingeonyesha kama psi 3 zaidi. Lakini baridi nayo hupunguza: kutoka nyuzi 30 mpaka 10 unapoteza kama psi 3. Asubuhi ya baridi mambo hayo mawili yanakaribia kufutana. Kwa hiyo usiongeze wala kupunguza kwa kubahatisha. Pima tairi likiwa limepoa, ufuate kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Kusoma ubavu wa tairi

Chukua mfano wa 215/45R17 87W, saizi inayofahamika kwa wenye Altezza RS200. Upana ni milimita 215. Kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo. R ni rediali. Rimu ni inchi 17. 87 maana yake tairi moja linabeba kilo 545. W ni kasi ya mwisho ya kilomita 270 kwa saa. Usinunue tairi lenye namba ya uzito iliyo chini ya ile ya kiwandani, hata kama saizi inaingia.

Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na mifereji mizuri huku mpira umezeeka na kupasuka nyufa ndogo ubavuni. Mifereji mizuri peke yake haitoshi.

Matairi yanayouzwa Marekani huwa na namba ya TREADWEAR. 300 maana yake kwenye jaribio lao lilidumu mara tatu ya tairi la kupimia lenye 100. Matairi ya dragi huwa 100 au chini yake. Kwa mwanafunzi anayesubiri bumu, hiyo ni kufunga pesa kwenye rimu na kuitazama ikiisha.

Angalia pia neno STUDLESS. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani hufika yakiwa na matairi hayo ya theluji. Muuzaji atakwambia ni laini, yanashika. Ni kweli ni laini, lakini yaliundwa kwa barafu. Kwenye lami ya moto ukishuka Ruaha Mbuyuni yanayumba na kuisha haraka.

Uchague nini basi

Ukiwa na gari lenye nguvu na unalitumia barabarani, tafuta tairi la barabara lenye TREADWEAR ya 200 hadi 400, alama ya TRACTION ya A au AA (hiyo hupimwa kwenye lami iliyolowa), na mifereji mirefu inayotoa maji. Funga manne ya aina moja. Altezza inasukuma kwa nyuma: ukiweka matairi laini nyuma na yaliyochoka mbele, gari litaondoka vizuri na kukataa kona. Kwa Subaru inayovuta miguu yote, matairi yenye mizunguko tofauti yanaitesa difu ya katikati kila mita unayotembea. Na kama dragi unaipenda kweli, weka seti ya pili ya rimu, uitumie kwenye uwanja uliofungwa.

Wengi wetu hatuna gari, tunapanda Noah na Coaster. Somo hili ni letu pia. Ndani ya mifereji kuna vijinundu vidogo vya mpira vilivyowekwa kwenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha, hata kama halijawa kipara. Inama uangalie kabla hujatoa nauli. Konda akinuna, mwache anune. Makambako ni njia panda, gari lingine litakuja.